Wachunguzi walijuaje kilichoiangusha ndege ya Douala?

Swali la msomaji: Mwaka 2007 ndege ya Kenya Airways ilianguka Douala, nchini Kamerun, na watu wote 114 waliokuwamo wakafariki. Ndege ilikuwa mpya, injini zilikuwa nzima, na usiku ule kulikuwa na mvua ya radi. Baada ya miaka mitatu ripoti ikasema kwamba rubani alipoteza mwelekeo. Hakuna aliyenusurika, sasa nani alijua yaliyokuwa kichwani mwake? Je, hii si njia rahisi ya kumtwika lawama mtu asiyeweza kujitetea?

Jibu:

Swali lako ni la haki, na wachunguzi wenyewe wanatakiwa kujiuliza hivyo kabla hawajaandika neno lolote kuhusu rubani aliyekufa. Ili kulijibu inabidi kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo magazeti huyachanganya: ndege ilifanya nini, na kwa nini watu waliokuwa wakiiongoza walitenda walivyotenda. Kuhusu la kwanza, ushahidi wa Douala ni wa vipimo na unakaribia kuwa wa uhakika kamili. La pili ni hukumu inayojengwa kwa hoja, na uzito wake ni wa namna nyingine, ingawa nitakueleza kwa nini naiona kuwa na nguvu kuliko unavyodhani.

Ndege yenyewe ilikuwa Boeing 737-800 yenye namba ya usajili 5Y-KYA, iliyokabidhiwa kwa shirika ikiwa mpya mwezi Oktoba 2006, kwa hiyo ilikuwa na umri wa takriban miezi sita tu. Ilitoka Abidjan, ikatua Douala, na ilikuwa ikielekea Nairobi. Kuondoka kulicheleweshwa na hali ya hewa, na ilipaa muda mfupi baada ya saa sita usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007. Dakika mbili hivi baadaye ilikuwa imekwisha kuanguka katika kinamasi cha mikoko karibu na kijiji cha Mbanga Pongo, umbali usiozidi kilomita sita kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Pamoja na ukaribu huo, mabaki yalipatikana baada ya zaidi ya saa arobaini, kwa kuwa msako ulianzia msituni upande wa Lolodorf, mbali sana kusini, kufuatana na ishara ya setilaiti iliyotafsiriwa vibaya. Uchunguzi ambao mahali pa ajali hapajulikani kwa karibu siku mbili hujikuta ukishindana na uvumi uliokwisha kupata miguu, na ndipo radi, bomu na injini kuzima vilipoanza kusemwa kana kwamba vimethibitishwa.

Kazi ya kwanza ya mchunguzi anapofika mahali pa ajali ni kuondoa yale ambayo hayakutokea, na kuitafuta sababu huja baadaye. Hutafuta ncha nne za ndege, yaani pua, mkia na ncha za mabawa yote mawili. Zikipatikana zote mahali pamoja, ndege iligonga ardhi ikiwa nzima. Moja ikikosekana, na ikaja kuokotwa kilomita kadhaa nyuma, basi kitu fulani kilivunjika angani. Huangalia masizi ya moto: moto uliowaka hewani huacha michirizi inayofuata mkondo wa upepo kutoka mbele kwenda nyuma, wakati moto wa ardhini hupanda juu kama moto mwingine wowote. Bomu huacha mashimo madogo madogo kwenye bati, kingo zilizojikunja kuelekea nje, na chembe za kemikali zinazosomeka maabara hata baada ya siku nyingi. Injini iliyokuwa ikizunguka kwa nguvu wakati wa kugonga hupinda mapanga yake kwa namna isiyoweza kuigwa na injini iliyokuwa imezima. Hata balbu ndogo za taa za tahadhari, katika ndege zinazotumia balbu za waya, zina ushuhuda wao, maana waya uliokuwa na moto wakati wa kishindo hunyooka na kurefuka, na uliokuwa baridi hukatika tu.

Douala kazi hiyo ilikuwa ngumu kwa sababu sehemu kubwa ya ndege ilizama kwenye tope na maji. Lakini mabaki yalikuwa pamoja katika eneo dogo, na hilo peke yake lilikwisha kufuta dhana ya kwamba ndege ilipasuka angani. Radi, ambayo wengi bado wanaiamini, kwa kawaida haiangushi ndege kubwa za kisasa. Ndege za abiria hupigwa na radi mara kwa mara na kuendelea na safari, kwa sababu umeme hupita juu ya ganda na kutokea upande mwingine. Mvua ya usiku ule ina nafasi yake katika kisa hiki, nitaifikia, ila si nafasi inayopewa na wasimulizi.

Visanduku vyeusi, ambavyo kwa kweli hupakwa rangi ya chungwa ili vionekane, ni viwili. Kimoja hunasa vipimo vya safari na kingine hunasa sauti za chumba cha marubani. Kinasa vipimo cha Douala kilipatikana tarehe 7 Mei, siku moja tu baada ya mabaki kuonekana. Kinasa sauti kiliendelea kuzikwa kwenye tope hadi tarehe 15 Juni. Vyote vilisomwa Kanada, katika maabara ya bodi ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo. Kwa wiki tano basi, wachunguzi walikuwa na mchoro wa kila mwendo wa ndege bila neno hata moja lililosemwa ndani yake, na naona hilo lilikuwa na faida yake, kwa sababu sauti ya mtu anayekaribia kufa humvuta msikilizaji kabla hajatazama namba.

Namba, pamoja na sauti zilizopatikana baadaye, zilisema hivi. Tangu kupaa, ndege ilikuwa na tabia ndogo ya kulalia upande wa kulia, jambo ambalo rubani mkuu, aliyekuwa akishika usukani, alilirekebisha kwa mkono bila shida. Ilipofika futi elfu moja hivi, alitamka agizo la kuwasha mfumo wa ndege kujiendesha. Rubani msaidizi hakuitikia, na kinasa vipimo kinaonyesha kwamba mfumo haukuwashwa. Kuanzia hapo, kwa karibu dakika nzima, hakuna mkono uliogusa usukani kwa maana ya kuuongoza. Bawa la kulia likawa linashuka polepole, ndege ikiendelea kupanda kama kawaida. Pembe ya kulala ilipokaribia nyuzi 35, kengele ya sauti ilitangaza kwamba imezidi. Rubani mkuu akashika usukani akaupeleka kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena kwa nguvu zaidi. Mfumo wa kujiendesha ukawashwa katika purukushani hiyo, ukashindwa kuokoa hali. Kanyagio la usukani wa mkia nalo likasukumwa upande wa kulia. Ndege, ambayo haikufika hata futi elfu tatu, ikapinduka kupita nyuzi 90 na kupiga mbizi.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Kinasa vipimo huandika mamia ya mambo kwa wakati mmoja, na miongoni mwake ni mahali usukani ulipo, mahali vibawa vya kugeuzia vilipo, na namna ndege ilivyoitikia. Mchunguzi huweka mistari hiyo mitatu pamoja na kuisoma sekunde kwa sekunde. Kama usukani ungekwenda kushoto na vibawa vikabaki, tungetafuta nyaya, mafuta ya haidroliki au kitu kilichokwama. Kama vibawa vingekwenda kushoto na ndege ikalala kulia, tungetafuta bawa lililoharibika. Douala usukani ulikwenda kulia, vibawa vikafuata kulia, ndege ikalala kulia. Ulipokwenda kushoto, ndege ilianza kurudi. Mashine ilikuwa ikitii kila ilichoambiwa hadi mwisho. Injini zilikuwa zikitoa nguvu. Hakuna dhana ya ubovu inayoweza kusimama mbele ya mistari hiyo mitatu, wala haihitaji shahidi aliyenusurika.

Linganisha na ndege ya Ethiopian Airlines iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 ikielekea Nairobi, ambapo watu 157 walifariki, na Wakenya ndio waliokuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Baada ya ajali hiyo, na ile ya Lion Air nchini Indonesia mwezi Oktoba 2018, walikuwapo watu wenye vyeo waliosema wazi kwamba marubani wa nchi zetu hawajui kazi. Njia ile ile ya kusoma mistari ndiyo iliyowaumbua. Kinasa vipimo kilionyesha kwamba kihisi cha upande wa kushoto, kinachopima pembe ya ndege dhidi ya mkondo wa hewa, kilitoa kipimo kilichotofautiana na cha kulia kwa zaidi ya nyuzi 50, na kwamba pua ilikuwa ikisukumwa chini na mfumo wa kompyuta uitwao MCAS, bila kidole cha rubani yeyote kubonyeza swichi. Agizo lilitoka kwa mashine, na Boeing 737 Max zote zikasimamishwa duniani. Kwa hiyo, ukiniuliza kama wachunguzi huwasingizia marubani marehemu, nitakujibu kwamba vinasa vile vile vinavyomwonyesha rubani aliyekosea ndivyo vinavyomsafisha aliyesingiziwa.

Sasa nije kwenye sehemu ngumu, yaani yaliyokuwa kichwani mwa rubani. Wachunguzi hawakudai kuyasoma mawazo yake. Walijiuliza ni hali gani ya mwili na akili inayolingana na alichofanya, na jibu linaanzia sikioni. Ndani ya sikio kuna mirija mitatu midogo yenye majimaji, na ndiyo inayoujulisha ubongo kwamba mwili unageuka. Mirija hiyo haihisi mgeuko wa polepole mno. Chini ya takriban nyuzi mbili kwa sekunde, mtu hulala upande bila kujua. Douala bawa lilishuka kwa wastani wa chini ya nyuzi moja kwa sekunde kwa sehemu kubwa ya ile dakika. Rubani ambaye haangalii vyombo vyake angeendelea kuamini kwamba amekaa wima. Mchana, macho yangemwokoa, kwa sababu upeo wa macho ungeinama mbele yake. Lakini ndege ilipaa usiku wa giza, mbele yake hakuna taa za mji bali mikoko, na angani mawingu ya mvua. Hapo ndipo mvua inapoingia katika kisa: ilimnyima rubani nyota na upeo, na kwa jinsi ninavyoisoma ripoti, ilimshughulisha pia, kwa kuwa mawazo yake yalikuwa kwenye kuikwepa tufani.

Kisha kengele ikalia. Kengele hiyo husema tu kwamba pembe imezidi. Haisemi ni upande gani. Mtu aliyeamini kwamba ndege iko sawa, akashtushwa ghafla na sauti ya hatari, huelekea kutenda kabla ya kusoma chombo, na upande anaoupeleka usukani hauna uhakika zaidi ya sarafu iliyorushwa. Usukani uliokwenda kulia, kushoto, kisha kulia tena ni alama ya mtu asiyejua upande upi ni juu. Kinasa sauti kilipopatikana kiliongeza ushahidi mzito: rubani msaidizi naye alimwambia mwenzake kwanza kulia, kisha akajisahihisha akisema kushoto, mara kadhaa. Watu wawili katika chumba kimoja walikuwa wamepotelewa kwa wakati mmoja, na mmoja wao akaanza kujipata wakati umekwisha. Ripoti ya Kamerun, iliyotolewa mwezi Aprili 2010, ilieleza hali hiyo kuwa ni kupoteza mwelekeo wa angani kwa aina isiyotambulika kwanza, yaani rubani hajui kwamba amepotea, kisha ikageuka kuwa inayotambulika, baada ya muda mrefu wa kutotazama vyombo.

Je, huo ni uthibitisho? Si wa aina ya chuma kilichokatika. Ni maelezo pekee yanayobaki baada ya mengine kuondolewa, na yanalingana na kila kipimo kilichopo. Hata hivyo nchi hutofautiana. Ndege ya Flash Airlines iliyoanguka baharini karibu na Sharm el-Sheikh tarehe 3 Januari 2004, na kuua watu 148, ilikuwa na mwendo unaofanana sana na wa Douala: usiku, baharini, ndege ikalala kulia polepole baada ya kupaa. Wachunguzi wa Marekani waliona ni kupoteza mwelekeo. Misri haikukubali, ikaendelea kutaja uwezekano wa hitilafu. Ndege ya Ethiopian Airlines iliyoanguka Beirut mwezi Januari 2010 ilizua ubishi wa namna hiyo kati ya Lebanoni na Ethiopia. Mabishano haya yasikukatishe tamaa. Kanuni zinaruhusu nchi inayoshiriki kuambatisha maoni yake kwenye ripoti, na mimi humshauri yeyote anayetaka kujua nguvu ya hitimisho aanze kusoma kurasa hizo za mwisho, kwa maana ndipo panapoonekana nani ana vipimo na nani ana fahari ya taifa.

Kanuni ninazozitaja ni zile za Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Nchi ambamo ajali imetokea ndiyo inayoongoza uchunguzi, kwa hiyo Douala ilikuwa mikononi mwa Kamerun. Nchi ya usajili na ya shirika, yaani Kenya, na nchi iliyounda ndege, Marekani, zina haki ya kutuma wawakilishi. Lengo lililoandikwa waziwazi ni kuzuia ajali nyingine, bila kugawa hatia wala dhima, na hukumu za fidia ni kazi ya mahakama. Ripoti ya awali inatarajiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Kamerun ilichukua karibu miaka mitatu. Sehemu ya ucheleweshaji ina sababu, kama vile tope lililoficha kinasa sauti, lakini sioni kuwa inatosha kueleza muda wote huo, na familia zilistahili kuelezwa zaidi katika kusubiri kwao.

Kuhusu lawama, tazama ripoti inaishia wapi. Haikuishia kwa rubani mkuu. Ilitaja kukosekana kwa uratibu kati ya marubani wawili, mkanganyiko katika kutumia mfumo wa kujiendesha, kutofuatwa kwa taratibu za kusimamia mwendo wa ndege, na udhaifu wa usimamizi wa uendeshaji. Ilibainisha pia kwamba ndege iliruka bila ruhusa ya mnara. Ndani ya chumba kile alikuwamo rubani mkuu mwenye zaidi ya saa 8,000 za kuruka na msaidizi ambaye hakuwa ametimiza hata 1,000, na kumbukumbu za mafunzo zilikuwa zimeandika mapungufu kabla ya safari hiyo. Agizo likitamkwa na lisijibiwe, taratibu zinamtaka aliyetamka athibitishe kwenye skrini kwamba mfumo umewaka. Kwa nini hakuthibitisha, na kwa nini kijana hakusema mapema kwamba ndege inalala? Maswali hayo yanaelekea kwenye mafunzo, kwenye namna shirika linavyowapanga watu pamoja, na kwenye heshima isiyoruhusu mdogo kumkosoa mkubwa, jambo ambalo sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufafanuliwa. Maneno «kosa la rubani» yakitumiwa kama sababu kamili, maswali yote hayo hufungiwa nje. Mchunguzi mzuri huyachukulia kama mahali pa kuanzia.

Kisa cha Abidjan kinalionyesha hili vizuri. Tarehe 30 Januari 2000 Airbus A310 ya Kenya Airways hiyo hiyo ilianguka baharini sekunde 33 baada ya kupaa, ikaua watu 169 kati ya 179. Kengele ya kuashiria kwamba mabawa yanakaribia kupoteza nguvu za kuinua ilikuwa imelia kwa uongo, na rubani akashusha pua kama alivyofundishwa. Alifundishwa kufanya hivyo ndege ikiwa juu, ambako kuna nafasi ya kushuka. Hapo bahari ilikuwa chini yake moja kwa moja. Ukimlaumu yeye peke yake utakuwa umesema kweli ndogo, na kengele ya uongo pamoja na mtaala wa mafunzo vitabaki vilivyokuwa.

Ajali za kundi hili, ambamo ndege nzima hupotea mikononi mwa marubani waliochanganyikiwa, ndizo zilizoifanya ICAO mwaka 2014 kuweka matakwa mapya ya mafunzo ya kuzuia na kuokoa ndege iliyotoka katika mkao wake wa kawaida. Mafunzo hayo yanamtaka rubani asome kwanza chombo cha mkao, atambue upande ulioshuka, ndipo aguse usukani. Kwa upande wa mashine, Boeing iliongeza katika 737 Max onyo ambalo, pembe ikizidi, huchora mshale kwenye skrini na kutamka kwa sauti upande ambao rubani anapaswa kuupeleka usukani.